Napus Alikuwa wa Babu

Lodwar,
Jumapili mchana

Kwako Mama yangu mpendwa,

Salamu kutoka kwenye joto. Goti lako linaendeleaje? Natumaini Baba amekukataza kubeba mitungi, na kwamba wewe umemsikiliza walau mara moja. Mvua imefika Kitale? Hapa mawingu yanapita juu yetu yakienda kwa watu wengine. Mimi ni mzima wa mwili. Nakula vizuri, nalala uani kama kila mtu, na ngozi yangu iliyokuwa ikichubuka sasa imezoea jua.

Unajua mimi kwenye simu nanyamaza. Ulipopiga juzi nikakwambia niko sawa, nilisikia ulivyovuta pumzi, nikajua hukuniamini. Kwa hiyo naandika. Barua hii atakuletea dereva wa lori la samaki wakavu, yule anayemfahamu Baba. Isome ukiwa umekaa. Ukimaliza mpe Baba asome, lakini usimsomee Wafula, bado ni mdogo.

Mama mdogo Apua, mdogo wake Mama Akal aliyenizaa, nilimpata bila taabu. Ulisema niulize kwa wanawake wanaosuka vikapu karibu na daraja, nikamwuliza wa kwanza niliyemkuta kama anamjua mtu anayeitwa Apua. Wote wakacheka, kwa maana nilikuwa namwuliza Apua mwenyewe. Alinishika kidevu, akaugeuza uso wangu huku na huku.

"Macho ni ya Akal," akasema. "Lakini mdomo uliacha wapi? Ulisahau kwa gari?"

"Mtoto ya Kitale hiyo," mwenzake akasema. "Anafunga mdomo mate isikauke."

Walinitania hivyo hadi jioni, na jioni hiyohiyo nikaanza kujifunza kusuka. Vidole vyangu bado vina majeraha ya majani ya mkoma, ila kikapu changu cha tatu kimesimama bila kuinamia upande.

Mama, ulichonieleza kuhusu kuzaliwa kwangu ni kweli. Mama Akal aliugua baada ya kunizaa, akafa, na mama mdogo Apua hakuwa na maziwa wala chakula, akanikabidhi kwako wakati ulipokuwa ukija huku kuuza nguo. Lakini kuna jambo ambalo hakukwambia. Anasema siku ile ulikuwa unafurahi sana na mtoto mikononi, hakutaka kukutwisha mzigo wa pili. Alikuacha uamini kwamba baba yangu hajulikani. Anajulikana, na yuko hai.

Anaitwa Ekiru. Alipokuwa kijana hakuwa na mifugo, naye alimpenda Mama Akal. Ili akubaliwe, alimsaidia babu, baba yake Mama Akal, kuchimba kisima. Huku wakati wa kiangazi visima huchimbwa kwenye mchanga wa mto uliokauka. Vinakuwa virefu hata mtu anaingia ndani kabisa, anachota maji chini na kuyapitisha juu kwa mtu mwingine, ndipo mbuzi wanywe. Kila mwenye kisima ana siku yake ya kunywesha. Babu alikubali kazi ya Ekiru lakini alimkataa yeye. Alisema hawezi kumpa binti mtu ambaye hana hata mbuzi wa kumkamua. Wakati huo Mama Akal alikuwa tayari ana mimba yangu.

Haukupita muda mrefu, wezi wa mifugo wakaja na bunduki siku ya babu ya kunywesha. Babu alikuwa ndani ya kisima. Hawakumpa nafasi ya kutoka. Walimpiga risasi humo humo, akiwa ameshika chombo cha maji, wakaondoka na mbuzi wote. Mama Akal ndiye aliyekuwa juu akipokea maji. Alikimbilia vichakani na tumbo lake, akarudi jioni kumtoa baba yake mchangani.

"Walijuaje siku na mahali?" mama mdogo aliniuliza mimi, kana kwamba nilikuwepo. "Kisima ilikuwa mbali na njia. Ekiru alijua. Na wiki hiyo Ekiru hakuonekana."

"Polisi hawakuja?"

"Walikuja. Waliuliza nani alimwona. Hakuna. Wakapanda gari."

Miaka baadaye Ekiru alitokea Kakuma akiwa na kundi la mbuzi, akisema amefanya biashara na wakimbizi. Kila mtu alinong'ona, na hakuna aliyesema kwa sauti. Mbuzi wake walikuwa na alama yake masikioni. Wale wakubwa masikio yao yalikatwa mafupi mno, na mtu akikata sikio fupi hivyo alama ya zamani inaenda na kipande. Wale wadogo walizaliwa kwake, wana alama yake tu. Kwa hiyo hapakuwa na la kumshika nalo.

Tangu nisikie hayo, Mama, nimekuwa mtu mwingine. Nilikuwa nikisuka, na kila nilipokaza jani nilikuwa nakaza shingo ya mtu ambaye sijawahi kumwona. Sikuwa najua kwamba mimi naweza kuchukia. Shuleni walikuwa wakininyang'anya hata kiti nikakaa chini bila kusema. Sasa nilitaka mtu mmoja aumie, na nilitaka niwepo.

Jioni, tukisuka, mama mdogo alinisimulia mbuzi wa babu mmoja mmoja kwa majina, jinsi watu wengine wanavyosimulia jamaa zao. Aliyependwa zaidi na babu ni Napus, wa rangi ya majivu, mwenye pembe moja, aliyekuwa akizaa pacha kila mara. Mama Akal ndiye aliyekuwa akimkamua. Nilijifunza majina yote ili nimfurahishe.

Nikamwambia nataka kwenda Kakuma kumwona Ekiru kwa macho yangu kabla sijaamini lolote. Hakukubali kwenda nami. Alisema akimwona atamrukia na watu wataona yeye ndiye mwenye kosa.

"Nenda. Mwambie wewe ni mtoto ya Akal tu. Juu ya kisima nyamaza. Hiyo kunyamaza unajua."

Ekiru anakaa nje kidogo ya mji, upande wa kambi, na kila mtu sokoni anamwita Mzee. Nilitarajia uso mbaya. Ni mtu mwembamba, mwenye tabasamu, anayevaa kofia yenye unyoya na anayesali kanisani mstari wa mbele. Nilipotaja jina la Mama Akal alikaa chini mchangani akalia mbele ya watu. "Mtoto yangu," alisema, "mtoto yangu amerudi." Mkewe alinipa chai ya maziwa mengi. Nilinywa. Naona aibu kukwambia kwamba ilikuwa tamu, na kwamba kwa muda mfupi nilitaka mama mdogo awe amekosea.

Akasema lazima achinje mbuzi. Huku mzazi akimkaribisha mtoto aliyepotea anachinja, kisha anachukua yale majani yaliyo tumboni mwa mbuzi na kumpaka mtoto kifuani na usoni mbele ya wazee. Ukishapakwa, umekubali. Wewe ni wake, na siku ukiolewa, mifugo ya mahari ni yake. Aliwaita majirani, akamwita mzee mmoja anayeheshimiwa sana aitwaye Lomuria, na mteja wake mkubwa, mchinjaji kutoka Sudan Kusini anayeitwa Deng.

Deng ni mtu wa mzaha. Aliniangalia nimekaa pembeni nimefunika mdomo kwa shuka. "Ekiru, hii binti yako ni kimya kama mbuzi ya kuuza. Mimi nikinunua mbuzi yako, na yenyewe inaongea zaidi."

Watu wakacheka. Mbuzi walikuwa wakirudi kutoka malishoni, Ekiru akawa anachagua wa kuchinja. Deng akaendelea: "Chagua yoyote, zote ni sawa. Mbuzi yako ni ya kambi tu, ya kuokota. Haina mama, haina nyanya."

Mama, ungeniuliza ni nini kilichomwangusha mtu yule, ningesema ni maneno hayo. Kwa mchungaji wa huku, kumwambia mbuzi wake hawana ukoo ni kumwambia yeye mwenyewe aliokotwa. Tabasamu lilimtoka. Alimshika mbuzi mmoja wa kijivu kwa pembe, akamvuta hadi mbele ya Deng.

"Haina nyanya? Sikia. Hii mama yake ni Nakwang, ile nyeupe iliyokufa mwaka jana. Nakwang ilizaliwa na Namug. Namug ilizaliwa na Lokori, pacha. Lokori ilizaliwa na Napus. Pembe moja, rangi ya majivu, pacha kila mara. Hakuna mbuzi kama hiyo hapa Kakuma yote. Wewe unaniambia ya kuokota?"

Watu walikuwa wakitikisa vichwa kumsifu. Mimi jina hilo nilikuwa nalijua. Nilijua kwamba nisiposema wakati ule sitasema tena maisha yangu yote. Nikasimama. Sauti yangu ilitoka ndogo sana, lakini ilitoka.

"Napus alikuwa wa nani?"

Ekiru akageuka. Bado alikuwa na fahari usoni, haikuwa imepata muda wa kuondoka.

"Napus wa pembe moja," nikasema, "alikuwa wa babu yangu. Alikuwa akikamuliwa na Mama Akal. Alichukuliwa siku babu alipopigwa risasi kisimani. Alifikaje kwako?"

Deng aliacha kucheka. Mzee Lomuria alikuwa amekalia kigoda chake, hakuinua kichwa. Alisema polepole, "Jibu mtoto."

"Nilinunua," Ekiru akasema.

"Kwa nani?"

"Kwa watu."

"Babu ya huyu mtoto hakuuza Napus hata kiangazi ile ilimaliza ng'ombe," Lomuria akasema. "Mimi mwenyewe niliomba. Sasa taja watu."

Hakutaja. Alimwachia yule mbuzi wa kijivu, akashika mwingine, akamchinja haraka, kama mtu anayetaka jambo liishe. Akaja kwangu mikono imejaa yale majani ya tumboni. "Njoo, mtoto," alisema kwa upole. Nilirudi nyuma hatua moja. Akasogea. Nikarudi tena. Watu wote waliona. Alibaki amenyoosha mikono, majani yakimdondoka miguuni, na hakuna mtu aliyemwambia ashushe. Mama, nilifurahi. Sitakudanganya, nilifurahi kuliko siku ya matokeo ya mtihani.

Nililala kwa Mzee Lomuria, na asubuhi Ekiru akanifuata huko. Mzee alikuwa akikoka moto karibu lakini Ekiru alinong'ona.

"Niliwaonyesha njia ya kisima tu," alisema. "Waliniambia ni mbuzi, si mtu. Nilifikiri baba yake Akal atakuwa ametuma vijana kunywesha siku hiyo, yeye hatakuwa huko. Mimi sikushika bunduki."

Sijui kama ni kweli. Labda aliwaonyesha njia, labda alikuwa pamoja nao. Nilimwambia, "Kayaseme hayo mbele ya watu."

Akasogea karibu zaidi. Kisha akasema Mama Akal alijua alichofanya, na kwamba kabla ya kufa alimwita, akaja kwa kujificha, nami nilikuwa kifuani pake. "Aliniachia neno moja juu yako," akasema. "Neno yako, hakuna mwingine alisikia. Niite baba mara moja tu, hapa, hata kwa sauti ndogo, nikwambie."

Mama, wewe unajua jinsi nilivyokuwa nikikusumbua nikiwa mdogo: alikuwaje, alisema nini, alinitaka au hakunitaka. Jibu lilikuwa pale, kinywani mwa mtu yule. Inawezekana amelitunga. Inawezekana ni la kweli. Nilifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza nikashukuru kwamba nimezoea kuufunga. Niliufunga. Nikaenda kumsaidia Mzee Lomuria kupasua kuni. Neno hilo na akae nalo yeye. Akitaka kulisema atalisema bila malipo, mbele ya wazee, baada ya kusema jina la babu.

Sasa nimerudi Lodwar. Wazee wameitisha kikao huko Kakuma, na chifu atakuwepo, nami nitakwenda na mama mdogo na ndugu wa babu. Baada ya kikao tutakwenda polisi na Mzee Lomuria kama shahidi. Wanasema nitatakiwa kusimama na kueleza. Kuna wanaosema atoe mbuzi, mambo yaishe. Mimi sitaki mbuzi. Nataka sokoni waache kumwita Mzee. Nataka Deng anunue kwa mtu mwingine. Nataka akiingia kanisani mstari wa mbele uwe umejaa. Kila asubuhi ninaposuka najizoeza maneno yangu, na wanawake wa vikapu wananisikiliza na kunirekebisha. "Sauti juu," wanasema, "unaongea na wazee, si na sindano."

Msalimie Baba, mwambie mkanda wa begi alionishonea bado haujakatika. Msalimie Wafula, mwambie nimemsukia kikapu kidogo cha mipira yake, kiko kwa dereva. Msalimie nyanya, na mama wa duka la jirani aliyenipa maji ya njiani, na mchungaji wetu. Mama mdogo Apua anakusalimu sana, anasema wewe ni dada yake na kwamba anaona aibu kwa alichokuficha.

Nina ombi moja, Mama. Nakujua. Ukimaliza kusoma hii utapiga magoti, hata kama goti linauma, na utamwomba Mungu anipe moyo wa kusamehe. Tafadhali usiombe bado. Maombi yako huwa yanajibiwa. Ngoja kwanza kikao kipite.

Ni mimi binti yako anayekupenda,

Mercy Arot