Mwita, Jibu la Ule Upepo Nimelipata

Mwita, mura,

Jibu lako nimelipata. Limechelewa, najua. Ungekuwepo ungesema mwalimu mstaafu hana kazi na bado anachelewa.

Ni lile swali la jioni ya mwisho, tulipokaa kwenye lango la zizi lako tukisubiri ng'ombe warudi. Nilikuwa nakueleza habari za upepo wa kasi unaozunguka dunia juu sana, kule zinakopita ndege kubwa, mbali kaskazini na kusini mwa huku kwetu. Nikasema joto tunaloongeza binadamu linauchezea. Ukacheka mpaka ukakohoa. "Mwalimu, unadanganya. Dunia ilishapata joto kabla ya pikipiki. Huo upepo wako ulifanya nini wakati huo?" Wiki iliyofuata tukakuzika hapa Kenyamonta.

Sasa sikiliza. Ni kweli, zamani za kale ilishatokea. Dunia ilibadili kidogo mkao wake mbele ya jua, kaskazini kukazidi joto wakati wa kiangazi chao, na upepo, ambao husukumwa na tofauti ya joto kati ya kaskazini na huku kwetu, ukapungua nguvu majira hayo. Ilikwenda taratibu, kwa maelfu ya miaka. Safari hii ni moshi wetu wa mafuta na makaa ya mawe, na mambo yanakwenda mbio. Barafu ya kaskazini inayeyuka, joto linapanda huko hata majira ya baridi. Huku chini karibu na ardhi tofauti ya joto kati yao na sisi inapungua, na hiyo inaulegeza upepo. Juu kabisa hewa ya huku kwetu ndiyo inayozidi kupata joto, tofauti inaongezeka, na hiyo inaukaza. Wataalamu bado wanavutana ni upande gani utashinda. Unaona? Nusu ulikuwa sahihi. Natamani ningekuona ukibishia hata hiyo nusu.

Juzi kwenye mkutano wa kijiji, mvua ikiwa imegoma, wakaniuliza kama ni upepo huo umeizuia, na kama wapande mtama au wangoje. Nikawaeleza kama nilivyokueleza hapa. Wakaitikia, "Ndiyo, mzee." Basi, hakuna aliyebisha. Jirani yangu Bhoke, ambaye amebakiwa na mbegu ya kupanda mara moja tu, akasema nikisema angoje atangoja. Niliogopa, Mwita. Ningeweza kusema chochote pale wakakibeba.

Ni wewe tu uliyeweza kuniambia naongopa mbele za watu, maana tulitahiriwa msimu mmoja. Wa rika letu wamekwisha. Kila ninakopita ni shikamoo, mpaka sokoni, na hakuna anayeniita mura, kijana mwenzake. Heshima hii inachosha. Nina upweke, na sioni aibu kukuandikia hivyo.

Pale mkutanoni niliwajibu sijui. Nikasema upepo ule uko mbali, sina ushahidi kwamba ndio uliotunyima mvua, wamwone bwana shamba. Wengine walinuna, walitaka neno la mwalimu. Jioni nilipita kwako, mke wako akanitolea kigoda, nikakaa langoni peke yangu nikingoja mtu aniulize swali linalofuata.

Pumzika, mura. Nakuahidi hivi: kwa kuwa hayupo tena wa kunikamata nikiongopa, nisichokijua nitasema sikijui, hata wakinisihi.

Mwenzako wa rika,
Chacha