Miwani ya Baba

Buyenzi, Bujumbura
Alhamisi, baada ya Alasiri

Kwako Mama yangu, Bi Jokha,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Naomba barua hii ikufikie ukiwa mzima, goti limepunguza ugomvi na presha imekaa pale daktari anapoitaka. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Mkweo Bader anakuamkia, mjukuu wako Sumaya anakubusu mkono, na nduguye Khaled anauliza kama yule jogoo wako mkorofi bado yu hai au mmeshamla bila yeye.

Najua utaishangaa barua hii, maana Jumapili, In sha Allah, tutakuwa nawe barazani Ujiji, na simu ninayo. Lakini kwa simu wewe husema haloo mara saba kisha ukakata, na mimi mbele ya uso wako huwa bubu tangu utoto. Kwa hiyo nimempa Atumani, dereva anayevuka mpaka kesho kuja Kigoma, akuletee bahasha mkononi. Usiikunje wala kuitikisa kabla hujamaliza kusoma. Najua pia unachokingoja kuliko salamu zote ni habari ya miwani ya marehemu Baba, ile yenye mkono uliofungwa kwa waya, uliyonipa nikaitengenezeshe. Nitaifikia, Mama. Kaa kwanza.

Kazi ya macho tuliimaliza Jumatatu. Wiki tano! Tulianzia Gatumba, tukaenda Kanyosha, tukamalizia Buterere, kwenye mashamba ya mpunga. Yale maboksi ya miwani kuukuu mliyotukusanyia misikitini huko kwetu yamekwisha yote. Bader unamjua: hakuna miwani inayoondoka mezani pake kabla hajaipima kwenye mashine yake na kuibandika namba, hata kama watu wamepanga foleni hadi barabarani. Mimi nilishika ubao wa herufi, Sumaya alifuta vioo na kuwavisha watu, na Khaled alijipa cheo cha kuita majina, akiyakosea yote.

Tangu hapo tunapumzika, na sijui kama nimewahi kupumzika hivi. Rafiki yako Mama Khadidja ametupa chumba cha uani na ameapa sitaosha hata kikombe. Anasema tulipohama kwenda Kigoma ulimwachia sufuria yako kubwa, na bado anaipikia, kwa hiyo usiidai. Jana asubuhi watoto walikwenda ziwani na wajukuu zake. Khaled alimwona kiboko kwa mbali akarudi anasimulia kama amepigana naye. Bader alilala mkekani toka Adhuhuri hadi Alasiri na kalamu yake ya kuandikia namba sikioni. Tumekula samaki mukeke wa kuchoma mpaka nimeona haya. Wote wamenenepa, Mama, isipokuwa mimi, na sasa nakwambia kwa nini.

Uliniambia miwani ya Baba isitoke kwenye mkoba wangu. Ulinishika mkono ukarudia. Mimi, kwa ujuaji wangu, nilipoona Khaled amekalia mkoba mara mbili kabla hatujafika mpakani Manyovu, nikaitoa nikaiweka kwenye boksi la miwani za msaada, kwa kuwa lina sponji. Nikajiambia nitaitoa tukifika. Tulifika, watu wakatupokea, nikasahau. Jumanne nilipojiandaa kwenda kwa Mzee Rachid, yule sonara wa zamani uliyenielekeza, nikafungua mkoba. Haikuwemo. Ndipo nikalikumbuka lile boksi, nalo lilikuwa tupu.

Usimlaumu Bader. Hakuwahi kumwona Baba wala miwani yake, na zilizofungwa kwa kila kitu, kuanzia waya na uzi hadi plasta, amezipima nyingi. Nilipomwambia, alifungua daftari lake. Ilikuwemo: miwani yenye waya wa shaba, amepewa mama mmoja mshonaji wa Buterere, jina lake Benite.

Jana, watoto walipokwenda ziwani na Bader akajilaza, nilikwenda peke yangu, kwa miguu, maana mafuta ya gari siku hizi ni ya kubahatisha. Nilimkuta mbele ya nyumba yake, ukutani alama ya maji ya mafuriko imefika usawa wa cherehani. Miwani ya Baba iko puani pake. Kabla sijamaliza salamu alichukua sindano akatunga uzi mbele yangu, akapiga kelele na kumsifu Mungu kwa Kirundi, "Mama Sumaya, ona! Mi mwenyewe! Imana ishimwe!" Akanieleza kwamba miaka minne hakuwa akiweza. Mjukuu wake ndiye aliyemtungia uzi kabla ya kwenda shule, na ukikatika saa tatu, basi kazi imelala mpaka mtoto arudi.

Nilimweleza ukweli wote. Hakubisha. Aliivua, akaifuta kwa kitenge, akaniwekea kiganjani. Akasema, "Apana, mama, usilie. Kitu ya marehemu inarudi kwa benyewe. Mi nitangoja ingine." Nami nilijua hakuna nyingine. Bader alikuwa ameniambia kwamba za namba ile zimekwisha, labda mwakani.

Mama, niliichukua. Naomba ulijue hilo. Nilifumba kiganja nikaaga, nikaondoka na furaha ya mwizi, nikijua kwamba nikinyamaza hutajua kamwe ilipokuwa. Nilipofika barabarani nikaivaa, kama nilivyokuwa nikimwibia Baba nikiwa mdogo ili nimwigize. Sikuona chochote, ukungu mtupu. Nikakumbuka miaka kumi na miwili imelala kwenye saraka yako, na hakuna hata mmoja wetu anayeweza kuona kwayo. Nikageuka nikarudi kumwambia ni yake. Nimegawa kitu kisicho changu bila ruhusa ya mwenyewe, na huo ndio ukweli niliokuwa naukimbia.

Nilimwomba Benite saa chache tu, ili ule mkono uliovunjika utengenezwe kama ulivyotaka. Mzee Rachid aliitambua kabla sijataja jina. Akacheka mpaka akafuta macho. Alisema Sleiman, yaani Baba, alikaa kwenye kibao kilekile nilichokalia, akakataa katakata kulehemiwa, eti fundi wa magari hawezi kushindwa na mkono wa miwani. Akatoa mfukoni waya wa dinamo, akauzungusha palepale kwa vidole vyake, huku akimtania. Sasa ili aulehemu mkono, Mzee Rachid ilimbidi kwanza aufungue waya. Aliufungua polepole, kisha akataka kuutupa kwenye kopo la taka. Nikamshika mkono.

Jioni nikampelekea Benite miwani yake, mkono umenyooka. Alinipa dua ndefu kwa Kirundi, sikuielewa nusu, lakini jina la Sleiman nililisikia ndani yake, maana aliniuliza kwanza marehemu aliitwa nani.

Usiku wa jana nililala usingizi wa mtoto mchanga. Mzigo umenishuka kifuani, Mama. Jumapili unigombeze utakavyo, nitainamisha kichwa, ila usinune, kununa kwako ndiko nisikokuweza. Mama Khadidja anakusalimu sana na anasema ukikasirika atakurudishia sufuria. Wasalimie majirani wote waliotoa miwani, waambie zinaona. Nakuletea ndagala wakavu, dagaa wa huku, na yule mjukuu wako aliyepigana na kiboko.

Sasa fungua kile kikaratasi kilicho ndani ya bahasha, chini kabisa, taratibu, kisidondoke. Vioo vile vilisagwa na mtu wa kiwandani tusiyemjua. Lakini waya huo ni Baba. Usiunyooshe. Umebaki umejikunja vilevile vidole vyake vilivyouacha.

Mwanao akupendaye,
Marwa binti Sleiman