Mara ya tano

Kaid, nimetoka kwa dada Takiya sasa hivi.

Unajua miaka ishirini hakuzaa. Ishraki, mke mwenzake, alikatazwa kunyonyesha kwa ajili ya dawa za moyo, basi Takiya akameza vidonge na kujikamua kwa mashine wiki sita kabla mapacha wa Ishraki hawajazaliwa. Maziwa yakatoka! Kwa mwanamke asiyewahi kubeba mimba, Kaid!

Mapacha waliletwa nyumbani jana. Leo Ishraki naye katoka hospitali. Hata hajaketi, anauliza, "Umewanyonyesha mara ngapi?"

"Nne kila mmoja, mdogo wangu. Wameshiba."

"Nne. Basi ya tano hakuna. Hujawa mama yao bado."

Hujawa mama yao! Unaijua sheria yetu: akifikisha mara tano, ni mama yao wa ziwa mpaka kufa.

Mume wao Muhsin anatazama zulia. Nikamwambia, "Sema neno, au ulimi umeuacha hospitali?"

Na yule pacha wa kike chupa kaikataa. Alilia mpaka sauti ikakauka, na kila akilia kifua cha Takiya kinalowa.

Takiya akapiga magoti. "Nihesabie nne maisha yangu yote. Niache nimnyonyeshe tu. Nitaapa ya tano haikuwapo."

Ishraki akasema, "Mungu naye anahesabu."

Kaid, dada yangu kaenda jikoni kujikamulia kwenye sinki.

Nilipofika mlangoni mtoto akanyamaza. Hakunyamaza kwa shibe, alichoka kulia.