Magoti ya Mama Faith

Abwooli wangu,

Mama Faith amepiga magoti. Nimeanza na hilo kwa sababu najua usingekuwa na subira ya kunisikiliza nikizungukazunguka na habari za mvua na watoto. Amepiga magoti yote mawili, kwenye tope, mbele ya kaburi lako, watu wakiona. Niliapa siku tuliyokuzika kwamba yule mama hatakufa kabla hajakupigia magoti, na wewe unanijua, mimi Mhehe siapi kwa mzaha. Sasa kaa vizuri nikusimulie.

Watoto hawajambo. Chelimo amerefuka, ana shingo yako na ukaidi wako. Wesley wako hajaoa tena. Anachuma majani ya chai, anapeleka kwenye kituo, anarudi, analala. Na zile kazi zako zimekuja kwangu zote. Sherehe ikiisha kwa shemeji yetu Injinia, sufuria, vitambaa vya meza, vifuniko vya viti, vyote vinaletwa mlangoni kwangu ndani ya beseni, tafadhali hakuna. Zamani tulifua wawili tukimcheka mwenye navyo. Sasa nafua peke yangu.

Unakumbuka siku uliyoletwa? Mimi nilikuwa nimeshaolewa hapa Kimulot na Kibet, kitinda mimba, nimeshachoka kuchekwa kwamba naongea Kiswahili cha redio. Wewe ukaletwa na Wesley, wa katikati. Wakatukusanya kwa kaka yao mkubwa, Injinia wa kiwanda cha chai, kwenye ile sebule ambayo mkewe, Mama Faith, amesimamisha friji karibu na televisheni ili mgeni asiondoke hajaiona. Ukapewa trei ya chai. Ukaenda kwa Kogo, mama mkwe wetu, ukapiga magoti yote mawili, ukainamisha macho, ukampa kikombe kwa mikono miwili. Kisha Injinia. Kisha Mama Faith. Chumba kizima kikanyamaza, na mimi mjinga nikadhani wameguswa.

Mama Faith alipokea bila kukutazama. Alipomaliza akakunyooshea kikombe kitupu. Ulipotoka tu akasema, "Kwani Wesley alienda mpaka Uganda kutuletea hausigeli? Ona vile anapiga magoti. Huyo ametoka kwa watu wa chini kabisa." Na Kogo, ambaye hana ubaya lakini humfuata mwenye gari, akasema kwa lafudhi yake, "Muache akae chikoni basi. Si amesoea?"

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe hawakuingoja hata ya pili.

Na walikosea, Abwooli! Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Binti wa mkuu wa shule na mzee wa kanisa, aliyefunzwa na shangazi zake tangu akiwa mdogo namna ya kushuka chini mgongo ukiwa umenyooka, bila kushika ukuta. "Kwetu," uliniambia, "msichana asiyejua kupiga magoti, watu wanauliza, huyu hana kwao?" Yaani uliwaonyesha malezi ya nyumba kubwa, wao wakaona utumishi. Kwao ukubwa ni geti, gari, na swali lile wanalokuuliza hata mkono haujaachiwa: "Mume wako anafanya wapi?"

Mimi nami nilikuwa na langu. Nilimwamkia shikamoo mlinzi wa kiwanda, mzee wa watu mwenye mvi, na wale mama wachuma majani tunaokutana nao asubuhi, na Mama Faith akanivuta pembeni. "Usisalimie wafanyakazi hivyo. Watakuzoea." Watanizoea! Sasa salamu ni ya nini kama si ya kuzoeana? Sitakudanganya kwamba kwetu Mufindi hakuna wakubwa. Wapo, na wana nyumba zao juu ya kilima kama hawa wa huku, na chai ni ileile. Ila kwetu meneja akimkuta mzee anayefagia ofisi humwamkia yeye kwanza, hata kama moyoni anamdharau. Tunaficha. Wewe ukasema afadhali huku, angalau mtu anakuonyesha kiti chako mapema. Tulibishana hilo mpaka maharage yakaungua, tukaletewa maneno na maharage yenyewe tukayala sisi.

Siku ile ukaniambia na jambo jingine, ambalo sikulipenda. Ulisema kwa baba yako kulikuwa na mwanamke wa kazi aliyekuwa anakupigia magoti wewe, mtoto, na hukuwahi kumuuliza jina lake la empaako. Ukasema, "Labda Mungu amenileta hapa nijue." Nilikujibu vibaya. Nilikuambia Mungu akitaka kukufundisha jambo hawezi kukosa mwalimu mwingine mpaka amtumie Mama Faith. Bado nasema hivyohivyo.

Empaako. Ni mimi peke yangu niliyeuliza. Ulinieleza kwamba kila Mtoro, yaani mtu wa Toro, juu ya jina la ubatizo na jina la ukoo, hupewa jina hilo la heshima na mapenzi, na kwamba mtu wa kwenu hakusalimii kabla hajalijua. Wao walikuita "wa Uganda." Wesley alikuita Abwooli mkiwa wawili, lakini mbele ya ndugu zake alikuita Rose, kwa ile haya yake inayonitia hasira. Miaka yote hiyo, hakuna mwingine aliyetaka kujua.

Halafu ukaugua. Sitaki kuandika sana hapa. Masika, baridi ya milima ya Mau, kifua kikakubana mpaka midomo ikabadilika rangi. Nilikimbia kwa Mama Faith kuomba gari. Lilikuwa chini ya banda, limeoshwa. Alisimama mlangoni na kikombe mkononi akasema, "Tumeweka viti mpya juzi tu, na yeye anatapika. Si mngoje lori ya majani ipite?" Tukakupeleka na lori la majani, umelala juu ya magunia, kichwa chako mapajani pangu. Daktari alisema ugonjwa ulikuwa umekwenda mbali, pengine gari lisingebadilisha kitu. Yeye anajua ya udaktari. Mimi najua nilichoambiwa pale mlangoni.

Na mazishi yako! Kaka yako alisafiri usiku kucha kwa basi, na kwa kuwa viatu vyake vilikuwa na vumbi, akakalishwa nyuma pamoja na wapishi, wakati hema la mbele limejaa marafiki wa ofisini kwa Mama Faith ambao hata sura yako hawakuijua. Mama Faith akashika maiki akasema ulikuwa mchapa kazi. Basi. Hilo ndilo neno wanalompa hausigeli anayeondoka bila kuvunja vyombo. Wakakuzika kwa Injinia, nyuma ya jiko, kwa sababu mbele, alisema, kutajengwa baraza. Msalaba ukaandikwa "Mke wa Wesley." Ndipo nilipoapa.

Mungu si Athumani. Faith akapata kazi Kampala, na huko Kampala akapata mchumba, na mchumba akawa wa wapi? Wa Fort Portal, Abwooli! Wa kwenu kabisa, nyumba yenye jina. Faith akampigia mama yake simu akamwambia, mama, hawa watu ni watu wa adabu sana, hawaangalii gari, wanaangalia mwanamke anavyomsalimia mgeni.

Mama Faith alikuja jikoni kwangu. Kwa miguu yake. Tangu niolewe hajawahi kuingia humo. Akakalia kigoda, mkoba juu ya mapaja, akasema, "Mama Cherono, si wewe ulikuwa unakaa sana na yule... marehemu. Utufunze vile alikuwa anafanya na magoti. Hawa watu wasitudharau."

Wasitudharau! Nilimmiminia chai nipate kugeuka, maana uso wangu haukuwa mzuri. Kisha nikamwambia vizuri tu kwamba kwa Watoro, kama ulivyonieleza, wanawake wa nyumba hushuka chini kumsalimia mgeni, na mama mwenye nyumba ndiye wa kuonyesha mfano. Sikusema uongo hata kidogo. Nikamfundisha palepale, kwenye sakafu yangu ya saruji. Gauni likambana. Akashika ukuta, nikamwambia hapana, ukuta haushikwi. Arudie. Magoti yote mawili, mama. Macho chini. Arudie. Ninakiri sikumwambia habari za empaako. Niliiweka.

Siku ya koito, siku ya kuja kuposa, ilikuwa imenyesha asubuhi. Mama Faith alivaa gauni la rangi ya maziwa. Wageni wakafika, na mbele yao shangazi wa kijana, mama mnene, mpole, amejifunga suka, kile kitambaa cha kwenu, begani kama ulivyokuwa ukijifunga Jumapili. Mama Faith akashuka chini kwenye zulia, vizuri kabisa, nilimfundisha vizuri. Na unajua yule shangazi alifanya nini? Na yeye akashuka. Wakawa chini wote wawili, wanatazamana. Nilikasirika, nakuambia ukweli, maana nilitaka ashuke peke yake. Lakini nikaona Kogo amefunika mdomo, na nikajua amekumbuka kikombe kile kitupu. Humu ndani hakuna aliyewahi kushuka kukujibu.

Ndipo shangazi akauliza, kwa Kiswahili cha kuokoteza, "Mama, empaako yako nani?"

Mama Faith akatabasamu. Akanitazama. Mimi nikatazama friji. Yule mama akaeleza kwa upole kwamba si neno, wageni hawana, lakini je, nani aliwafundisha kusalimia kwa heshima namna hii? Mama Faith, kwa kutaka sifa, akasema walikuwa na mke wa shemeji kutoka hukohuko Toro, bahati mbaya alifariki. Shangazi akaweka kikombe chini. "Binti yetu? Alizaliwa na nani? Empaako yake nani?"

Injinia akatazama viatu vyake. Mama Faith akasema, "Alikuwa anaitwa Rose," na shangazi akatikisa kichwa, "Hapana, mama. Empaako." Wesley alikuwa nje kwenye nyama, hakusikia. Nikaacha kimya kile kikae, Abwooli. Nikakiacha mpaka jasho likamtoka juu ya poda. Kisha nikasimama nikasema, "Anaitwa Abwooli," nikamtaja na baba yako, na shule yake.

Yule mama alimfahamu. Mume wake alisoma pale, chini ya baba yako. Akauliza, "Abwooli wetu yuko wapi?"

Nikasema, "Nyuma ya jiko."

Hakugusa chakula. Alisema hawezi kula kwenye nyumba ambayo hajamsalimia mtoto wao. Akatoka, na wanawake wake wote nyuma yake, wakipita kwenye sufuria na kuni na maji ya kuoshea vyombo, mpaka kwako, pale mashamba ya chai yanapoanzia. Akasoma msalaba. Akashuka chini na suka lake kwenye tope jekundu, na wenzake wote wakashuka. Kogo akashuka, kwa shida, mkono begani kwangu. Nikashuka na mimi.

Akabaki amesimama mtu mmoja. Alinitazama juu ya kaburi lako, na nikaona amejua kila kitu, kuanzia jikoni kwangu. Sikuinamisha macho. Pale hapakuwa na zulia wala ukuta wa kushika. Akashuka, goti moja, kisha la pili, tope likapenya. Shangazi akamwambia taratibu, "Msalimie, mama. Kwa jina."

"Abwooli," alisema. Sauti ilikuwa ndogo, lakini Wesley alikuwa amefika na kisu cha nyama mkononi, na alisikia, akaanza kulia kama mtoto.

Nilifurahi. Usiniombe nijutie, sitajuta. Nilidhani hasira itaishia pale, maana kiapo kimetimia, lakini usiku nilikukumbuka zaidi. Nilitaka nije nikusimulie, tucheke mpaka tulale, na hukuwepo. Hilo Mama Faith hawezi kulilipa kwa magoti, hata akishuka mpaka uzee.

Posa ilikubaliwa. Faith ni msichana mzuri, sina neno naye. Wesley amesema msalaba utabadilishwa, na safari hii nitasimama juu ya fundi mwenyewe, niangalie kila herufi ya Abwooli. Na Chelimo simwiti tena kwa kunong'ona. Naita Akiiki, empaako uliyompa, naita kutoka mlangoni kwa sauti, shamba zima lisikie. Nakuahidi nitamfundisha kupiga magoti kama wewe, na nitamfundisha pia kumtazama vizuri yule anayebaki ameketi.

Ehe, nilitaka kusahau. Kesho yake beseni lililetwa mlangoni kama kawaida, vifuniko vya viti, vitambaa vya meza, na juu kabisa gauni la rangi ya maziwa, na ujumbe kwamba nilitoe tope polepole nisiharibu kitambaa. Vifuniko nimefua, vyote vyeupe. Gauni sijalitia maji. Nimelianika hivyohivyo kwenye kamba inayotazama barabara, na wachuma majani wakipita kwenda kazini husimama, wakaona madoa mawili ya duara mahali pa magoti, wakaniuliza. Nawaamkia shikamoo kwanza, kisha nawasimulia.

Pumzika, Abwooli. Hakuna wa kutengewa chai. Mimi nipo hapa, na wingu likitokea upande wa Mau nakimbia kulianua lile gauni, mvua isije ikalisafisha.

Wako,
Mama Cherono