Nenda-rudi za kumtolea Nice

Jumatano, 2 Julai 2025

Majoho ya kwaya yameisha. Mgongo unauma. Neno ni moja tu, AMANI, kifuani, kwa uzi wa njano. La mwisho nimeligeuza nje ndani nikate nyuzi zinazoning'inia — nikaona limeandikwa INAMA! Herufi N imepinda, lakini inasomeka. Kwa watu ni amani, kwa mwenye kulivaa ni inama. Nimecheka peke yangu mpaka mwenye duka la jirani akachungulia. Nikamwambia ni uzi tu umenitekenya. Ningemweleza, kesho Mbuba nzima ingesema fundi ameanza wazimu.

Alhamisi, 3 Julai

Kumbe si lazima neno ligeuke likawa jingine. Lipo linalokwenda na kurudi lilelile. AMESEMA. Soma toka mkiani — amesema! Limenijia nikiwa nakanyaga cherehani, nikapitiliza mshono wa watu.

Nimemwandikia mume wangu Gaspari kwa chaki ya kitambaa juu ya meza. Akatazama mbele, akatazama nyuma, akauliza chai iko wapi. Huyo ndiye Gaspari. Maneno anayatia kama chumvi, anaogopa kuharibu mboga.

Nimeyapa jina: nenda-rudi. Binti yetu Nice ameniambia kwa simu kwamba wasomi wana jina lao la maneno hayo, ila limemtoka. Basi langu litatosha.

Jumapili, 6 Julai

Baada ya misa ukoo umekaa kwetu. Nice anatolewa tarehe 26 — mahari ikubaliwe, siku ya kanisani itajwe! Wakwe ni wa Nyakahura, kule Biharamulo — mzee Matiasi na kijana wake Anold. Kijana sina neno naye. Ana salamu, ana pikipiki, na anamtazama mwanangu vizuri.

Neno langu ni moja. Nice amebakiza mwaka mmoja chuo cha uuguzi. Anold amesema kwenye simu, hakuna shida mama, atamaliza. Lakini Anold si Matiasi. Mzee amesikika sokoni akisema mkewe anaumwa mgongo, jiko linamsubiri mkamwana. Haya! Mkamwana akishaingia jiko lile, chuo atakisikia redioni.

Na kwetu jambo la simu ni upepo. Linaloshika ni lile msemaji wetu amelitamka mbele ya wageni, msemaji wao akaliitikia, kisha wote wawili wakanywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwenye chungu kimoja. Wakishatia mirija mdomoni, maneno yamefungwa. Ambalo halikusemwa halipo, hata ulie.

Msemaji wetu ni shemeji Bernardo, kaka mkubwa wa Gaspari. Baba wa binti hafungui mdomo siku hiyo. Mama ndiyo kabisa, anakaa chumbani na binti mpaka waitwe. Nimeuliza kwa adabu, hilo la chuo litasemwa? Shemeji amejibu, Mama Nice, wewe shona. Wamecheka wote. Mimi sikucheka.

Jumanne, 8 Julai

Msemaji wa wakwe ni Felisiani. Yesu Maria! Yule aliyekuja hapa Mbuba mwaka juzi, akamcheka msemaji wa watu mpaka akasahau jina la binti anayemtoa. Na shemeji Bernardo ni mtu mwema, lakini akichekwa anapotea. Kamba hukatika pabovu.

Nimepata wazo. Nimpe nenda-rudi. Felisiani amezoea kumwita binti ndama, kumwita ua, na vitendawili. Hizi hajawahi kuziona. Atashangaa kwanza, na akishangaa ndipo shemeji ataliweka la chuo.

Basi nimekaa nazo leo, suruali za watu zinasubiri. Nilichogundua: maneno yetu yote yanaishia kwa irabu. Kwa hiyo nenda-rudi lazima ianze kwa irabu, la sivyo imekufa kabla ya kuzaliwa. Nice hafai. Bernardo hafai. Na herufi mbili zilizoshikana mikono hazigeuki. Mbuba ukiirudisha unapata mdomo uliojaa ugali. Ngara vilevile.

Lakini vitendo! Kitendo kimejishona chenyewe. Weka -ki- mbele, mwisho weka -ika: akifika, akipika, akiwika. Weka -ta- na -ata: atapata, atakata. Weka -na- na -ana: anakana, anabana. Unatafuta herufi ya katikati tu, kama kutafuta kifungo kinachofanana. Nani aliyekipima Kiswahili hivi?

Jumatano, 9 Julai

Za leo:

Amani amesema inama. (Nilikuwa namenya ndizi. Nimeacha kisu nikapiga makofi.)

Amesema aoa. Amesema! (Ya harusi hasa.)

Amesema anakana amesema. (Hii ni Matiasi mtupu.)

Anuka, akuna. (Hapana.)

Akifa, afika. (Nzuri kuliko zote, na haifai popote ila msibani. Nimeiacha ilale.)

Ijumaa, 11 Julai

Leo nimejaribu jambo lenyewe. Nice amalize chuo — niliseme kwa nenda-rudi, shemeji asiweze kulisahau.

Asome. Rudi: emosa. Amalize: ezilama. Hilo ni jina la dawa ya ng'ombe. Chuo, ndiyo usiseme. Nimepindua asubuhi nzima. Atapata ni nzuri, lakini atapata nini? Hapo ndipo herufi zinaponiachia mkono. Nenda-rudi inasema inachotaka yenyewe, halafu wewe unajifanya ulikitaka. Nimekasirika. Nimeunguza pasi kwenye kola ya mwalimu mkuu.

Haya. Basi jambo lisemwe wazi, kwa maneno ya kawaida: Nice anamaliza chuo kwanza. Nenda-rudi zifungue mlango, sentensi hii iingie. Mlango ni mlango, mgeni ni mgeni.

Jumapili, 13 Julai

Shemeji amekuja kwa baiskeli. Shikamoo shemeji, marahaba, chai, mihogo. Nikamtolea nenda-rudi zangu. Mwanzoni ananitazama kama ninauza dawa ya kienyeji. Nikamwandikia kwa chaki: Alika! Anona akila. Nikamwonyesha kidole, mbele, nyuma. Akasogeza kidole chake mwenyewe, polepole, kutoka mwisho. Akafika mwanzo. Akaruka!

Anaisema kwa ulimi wa kwetu: Arika! Anona akira. Nikataka kumsahihisha, kisha nikaona — amekosea huku na amekosea kule, inarudi vilevile. Nikamwacha.

Amecheka hadi machozi kwa sababu Felisiani ni mnene. Nikampa ile ya kuwakaribisha: Ati akifika, ita. Akaimeza papo hapo. Kisha nikasema, na mwisho kabisa, shemeji, kabla ya chungu: Nice anamaliza chuo kwanza. Amesema sawa sawa. Halafu akauliza, Mama Nice, hiyo nayo inarudi? Nikamwambia hiyo hairudi, hiyo inakwenda tu. Amesema, aa.

Aa yake sikuipenda.

Alhamisi, 17 Julai

Nice amefika kutoka chuoni. Amekonda. Tumekaa jikoni, nikamwambia mpango wote. Amecheka kwa zile za Felisiani. Halafu akauliza, na kama baba mkubwa atasahau?

Nimemwambia hatasahau.

Nikamwuliza, na wewe, Anold unamtaka? Amesema anamtaka, na chuo anakitaka, na kwa nini watu wanauliza kama ni vitu viwili. Nimemwongezea maharage.

Jumatano, 23 Julai

Shemeji ananitia wasiwasi. Anazisema kila mahali! Jana kilabuni amemshika mwenyekiti wa kitongoji, Ati akifika ita, rudisha wewe mwenyewe! Sasa amekuja kutaka nyingine. Nimempa Aota atapata, atoa — kijana anaota atapata mke, anatoa ng'ombe. Karibu anipigie magoti. Mtu mzima na mvi zake!

Nimemfanyisha mazoezi. Nilikuwa Felisiani, nimejaza mto tumboni. Amenijibu zote, hakukosa hata moja, uso unang'aa kama mtoto wa komunyo ya kwanza. Tumemaliza, akasimama aondoke. Nikamwita, shemeji, na ile ya mwisho? Ipi? Ya chuo! Ahaa, ya chuo, ipo, ipo. Akagusa kipaji cha uso.

Nikamwambia Gaspari, mkumbushe kaka yako. Gaspari amesema, Bernardo atasema. Nikamwambia, usipoziba ufa utajenga ukuta. Amesema, nimesikia. Kisha amekaa nje muda mrefu akichonga mpini wa jembe ambao ulikuwa umeshachongwa.

Ijumaa, 25 Julai

Ndizi, mchele, mbuzi wawili, wifi watano na kila mmoja ana mwiko wake. Nimemwona shemeji mara moja tu, anapita uani midomo inacheza. Nikamfuata. Sema ya chuo! Akaisema yote, vizuri, bila kukwama. Nimelala nimetulia kidogo.

Jumamosi, 26 Julai

Chumbani. Nice ameketi kitandani na kitenge kichwani. Wifi Speciose, dada wa Gaspari, amekalia mkeka mlangoni na miguu ameinyoosha, ndiye mlinzi wetu. Mimi niko dirishani, pazia limeachia upande. Bora niandike kuliko kula kucha.

Wakwe wameingia. Matiasi na kofia yake. Anold amevaa suti iliyombana mabega. Ningemtolea mshono mimi. Felisiani ameongezeka! Kiti kimelia.

Ameanza. Wamefuata nyayo za ndama, zimeishia hapa mlangoni. Sauti nzuri anayo, nisiseme uongo. Watu wake wamecheka tayari.

Shemeji amesimama. Ee Mungu.

Amesema! Arika! Anona akira! Amewaambia wairudishe. Wanaandika viganjani kwa vidole. Kuna mwalimu upande wao, amesimama, amepiga yowe. Felisiani anauliza, nini, nini? Wanamweleza. Anajishika tumbo, anacheka mwenyewe. Uwanja wote umelipuka! Nimemkumbatia Nice, kitenge kimedondoka.

Ya pili imepita. Ya tatu — vigelegele. Felisiani amejaribu yake hapo hapo, ikafika katikati ikafa. Wamemzomea kwa upendo. Huyu ndiye Felisiani wa mwaka juzi?

Shemeji anatoa nyingine. Hii sikumpa mimi. Asusa, anuna, asusa! Ameitunga mwenyewe! Mzee wa watu! Nimejisikia kulia kwa furaha, nikajisahau kabisa, nikawa nampigia makofi kama watu wengine.

Felisiani ameinua mikono juu. Amesema ameshindwa, Ngara mna shule. Ng'ombe wamekubaliwa. Siku ya kanisani imetajwa. Nice amekubaliwa. Watu wanapeana mikono.

Sasa. Shemeji, sasa.

Anacheka. Anapangusa jasho. Mwalimu wa upande wao anamwomba amwandikie ile ya kwanza kwenye karatasi. Anamwandikia!

Nice amesema polepole, Mama, hajalitaja. Nikamwambia, bado.

Chungu kinatoka. Wanakibeba vijana wawili. Kimewekwa katikati. Mirija miwili.

Shemeji hatazami huku. Nimetikisa pazia. Hatazami. Nimempa vitamu vingi mno, chakula chenyewe hakikupata nafasi. Mimi! Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo nimeishona mwenyewe.

Gaspari amegeuka. Anatazama dirisha letu. Uso umemshuka. Naye amesikiliza yote, naye ameona halimo. Amefungua mdomo. Mzee mmoja amemwekea mkono begani. Ameufunga.

Matiasi amesema kwa sauti, basi jikoni kwangu moto utawaka. Wanacheka. Ni utani, wanacheka.

Felisiani ameshika mrija, anaufuta kwa kiganja. Anamngoja shemeji. Shemeji bado anapeana mikono na watu, mtu wa mwisho ni yule mwalimu.

Nice ameokota kitenge, amekikunja, amekiweka kitandani. Hakukivaa. Ananitazama.

Nimejifunga kanga kiunoni. Naandika nimesimama, daftari juu ya kabati. Nimemwambia Speciose, wifi, sogeza miguu. Ameniuliza, unakwenda wapi, hujaitwa, mama wa binti haonekani kabla ya chungu, unataka wasemeje?

Nimemwambia tena, sogeza miguu.