Mibuni Yako Niliyoikata

Avenue ya 12, Buyenzi,
Bujumbura.
Tarehe 6 Agosti 2000.

Mpendwa mdogo wangu Jaffar,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na wifi Sikudhani na watoto wote. Je, kikohozi cha Hamimu kimepoa? Mpeni asali na limau, msimjaze vidonge. Sisi huku hatujambo, alhamdulillah. Shemeji yako Ilyas bado anashinda chini ya magari ya watu na anarudi mweusi kama sufuria. Basma amenipita kimo na anafurahia sana kuniangalia kwa juu. Mimi goti la kushoto linauma nikipanda mlima, nikishuka haliumi, basi nashukuru nusu. Milio ya bunduki upande wa milimani tunaisikia bado, ila si kila wiki, na soko linafunguliwa.

Sasa nikujibu, maana najua umekasirika, na haki unayo robo. Uliambiwa mibuni yako aliyokuachia Baba imekatwa. Ni kweli, na niliyeikata ni mimi, yote mia moja na arobaini, kwa msumeno wa Baba, mwezi wa saba mwaka jana, tulipomaliza kuvuna. Sikukuuliza, kwa sababu ningekuuliza ungekataa, tena ungekataa ukiwa umekaa Kigoma unakula migebuka. Hapo nilikosa, uniwie radhi. Kwa kukata kwenyewe siombi radhi.

Wewe mibuni hiyo hujaiona tangu mwaka 1993. Ilikuwa imerefuka mpaka tunavuta matawi kwa ndoano, inazaa nchani tu, huku chini kumebaki miti mitupu. Mbuni ukifika hapo unakatwa chini ya goti, kwa msumeno wala si kwa panga, maana panga linapasua kisiki. Mkato unalazwa mshazari ili mvua iteleze isioze mti. Halafu kila kisiki unakiachia fito moja nyembamba yenye majani, ile Baba aliyokuwa akiiita tirasevu kwa Kifaransa chake cha zamani za Wabelgiji. Kazi ya fito hiyo ni kuvuta maji kutoka mizizini, kisiki kisife wakati kinangoja kuchipua. Machipukizi yakitoka unachagua matatu, mengine unayang'oa. Hayo matatu yakishika nguvu, ile fito nayo inakatwa na mbuni unaanza ujana upya. Baba alitufundisha wote wawili, lakini wewe siku hiyo ulikuwa unakimbia nyuki, ndiyo maana nakuandikia kama mwalimu wa darasa la pili.

Aliyenisaidia kukata ni Gélase, jirani yetu wa mpakani, ambaye alifanya kazi na Baba tangu sisi tukiwa wadogo. Na mimi ndiye niliyemwambia apande maharage katikati ya visiki kwa mwaka mmoja. Mibuni ikiwa mifupi jua linaingia, na magugu ya kule hayana adabu. Hatukuandikiana karatasi. Nilimwambia tu tumesimama shambani, yeye na panga lake, mimi na goti langu.

Mwezi wa tisa watu wa mlimani wakahamishiwa kambini, njia ikafungwa, nikakaa miezi kumi bila kuliona shamba. Wakati huo ndipo Melchior wa bandarini alipokwenda kuwaona wakwe zake mlima wa pili, ambako njia ilikuwa wazi. Akatazama kwa mbali, akaona mibuni imelala chini na Gélase ameinama katikati yake. Aliposafiri na meli kuja Kigoma akakuletea habari hiyo, na chumvi akaitia ya kutosha.

Mei ikafika barua yako, na ndani yake ile nyingine ya kumpelekea mkuu wa tarafa. Hukuigundisha, nikaisoma. Umeandika Gélase amelinyakua shamba. Haya, mtu akiwa mbali na mali yake hukasirika, hilo nalielewa. Lakini mstari wa mwisho umeandika kwamba anawalisha watu wa porini, wale wenye bunduki. Jaffar, nani alikuambia hivyo? Melchior nilimwuliza, akaapa kwamba hilo hakulisema. Uliliongeza wewe mwenyewe ili barua iende mbio. Siku hizi mtu wa mlimani akiandikwa hivyo haulizwi habari za mashamba. Anachukuliwa, na mkewe anabaki kuzunguka mlango hadi mlango akiuliza.

Nitakuambia na la kwangu, nisijifanye malaika. Mimi pia nilikuwa na hasira, maana hata soko la Buyenzi lilikuwa limeshanong'ona kwamba shamba la mzee wetu limepata mwenyewe mpya. Nikaichukua barua yako, nikaenda nayo ofisini, nikakaa kwenye benchi. Mbele yangu walikuwepo watu watatu. Alipobaki mmoja nikainuka, nikamwambia askari wa mlangoni kwamba nitarudi. Sikuwa mwema kuliko wewe. Nilitaka tu nione kwanza kwa macho yangu. Nikarudi nyumbani nikaitia kwenye kopo la majani ya chai, na kila asubuhi nikichota majani naiona.

Mwezi uliopita watu waliruhusiwa kurudi makwao, nami nikapanda na Basma. Tulitoka alfajiri kwa sababu ya vizuizi, na tulipaswa kushuka kabla ya saa tisa. Nyumba nyingi hazina mapaa. Ya Gélase imebaki kuta, wanalala chini ya turubai. Amekonda, shati linamcheza. Aliponiona alishika mikono yangu miwili, na kabla sijasema kitu akauliza:

"Mama Basma, Jaffar iko muzima? Na nyuki, anaogopaka bado?"

Nikamwambia uko mzima na nyuki bado unawaogopa. Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akasema, akitazama chini, "Maharage tulikula yote kule kambi. Njaa ilikuwa mingi. Mutusamehe." Mimi nimepanda mlima na hasira ya shamba zima, mwenzangu ananiomba radhi ya maharage.

Akatupeleka shambani. Jaffar, ungeliona! Hakuna kisiki hata kimoja kilichokufa. Kila kimoja kina machipukizi matatu, yamesimama kwa kuachana vizuri, yananifika kiunoni, majani yanang'aa. Chini kumetandikwa majani ya migomba, udongo umelowa hata kiangazi hiki. Kambini walikuwa wanaruhusiwa kutoka saa chache tu, siku chache, waende kulima. Mkewe Geneviève ndiye aliyesema, na bado ana kinyongo: "Saa zenyewe kidogo, yeye anaanziaka kwa kahawa ya Jaffar. Nilimuambia, we unachunga kahawa ya mutu wa Kigoma, na yetu inakufa." Nikaangalia shamba lao ng'ambo ya mpaka. Ni kweli, limeingia msitu.

Kitu kimoja tu kilinishangaza. Zile tirasevu bado zipo, kwenye visiki vyote mia moja na arobaini. Zilitakiwa kukatwa zamani, sasa zinanyonya bure. Nikamwuliza mbona amezisahau.

"Apana, sikusahau. Ile ya mwisho ni mwenyewe anakataka. Muzee wenu alikuwa anakata yeye mwenyewe, mi nashika tu. Nikikata mi, watu watasema shamba imekuwa yangu."

Niliona aibu, ndugu yangu. Nilikaa chini nikavua kiatu, nikajifanya natoa kokoto, mpaka macho yakakauka. Sikumwambia habari ya barua wala ya benchi. Hilo tutalibeba mimi na wewe.

Basi sikiliza kazi yako. Fito hizo zikatwe kabla ya mvua za mwezi wa tisa. Ukiweza kuja, panda meli uje, kitanda kipo na Ilyas atakusindikiza mlimani. Usipoweza, mwandikie Gélase kwa mkono wako kwamba umemruhusu azikate kwa jina lako, na kwamba apande tena maharage. Andika kwa Kirundi, hata kikiwa kibovu, yeye atakisoma na majirani atawaonyesha. Msumeno wa Baba anao. Alikwenda nao kambini na akarudi nao, ameupaka mawese usishike kutu. Mimi ningeweza kuzikata siku ileile, lakini Gélase anakungoja wewe.

Nisalimie sana wifi Sikudhani, mwambie vitenge vilifika na kimoja Basma ameshakiiba. Mbusu Hamimu. Mpe Melchior salamu akikuletea hii, na umwambie macho yake yapimwe. Ilyas anakusalimu, Basma anakusalimu, na kutoka mlimani Gélase na Geneviève wanakusalimu. Mwenyezi Mungu akulinde ugenini, akulainishie moyo, atukutanishe sote tukiwa hai.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata nikikugombeza,

Ghanima

Ndani ya bahasha utakuta karatasi mbili. Moja ni barua yako ya mkuu wa tarafa. Ningeweza kuitia jikoni mwenyewe, lakini mkono ulioiandika ndio uichome. Ya pili ni karatasi safi, ya kumwandikia Gélase. Ichome ile kwanza.