Amplifaya ya Baba Wangui

Myanga, 18 Aprili 2009

Kwa Baba Wangui,

Pokea salamu zetu. Sisi tuko wazima, ila mgongo unanisumbua tangu tupande mahindi. Wewe na Mama Wangui mnaendeleaje huko Kitale?

Amplifaya yako na spika zake ziko hapa kwangu, zimefunikwa shuka, tangu nizitoe dukani kwako hapa Myanga siku zile za fujo za uchaguzi. Sijaziwasha hata mara moja. Kitu cha mwenyewe hakichezewi. Sasa Nelima amekuja likizo na kompyuta ya kubeba na kidude cha mtandao anachokichomeka ubavuni. Ati kuna stesheni za ng'ambo zinazopiga rumba kutwa nzima, bila kanda wala santuri, na waya mmoja tu kutoka kompyuta hadi nyuma ya amplifaya unatosha. Nyaya za spika zilikatika, lakini anasema zitaungika. Nimemwambia lazima nikuombe ruhusa kwanza.

Ndugu yako,
Baba Nelima


Kitale, 30 Mei 2009

Kwa Wakoli,

Salamu nilizipata. Huku tunasukuma siku tu. Presha ya Mama Wangui imepanda tena.

Nimechelewa kujibu. Nakumbuka Jumamosi zetu pale dukani, wewe na soda yako, rumba ikilia mpaka wateja wanasahau walichofuata. Lakini kwanza unijibu wewe. Vyombo ulivitoa wewe mwenyewe? Na tangu lini ukawa Baba Nelima? Miaka ishirini na mbili nimekujua kama Baba Barasa. Mzaliwa wako wa kwanza si bado yuko hai?

Mathenge


Myanga, 7 Juni 2009

Baba Wangui,

Leo sina nguvu ya salamu ndefu. Mungu amponye Mama Wangui.

Sikuvitoa mimi. Barasa ndiye aliyevileta, saa nne asubuhi, akavitua sebuleni akasema ni zawadi yangu. Nilimwambia avirudishe, lakini duka lilikuwa limeshachomwa. Nikakudanganya. Tangu siku hiyo jina lake limekuwa zito mdomoni mwangu, nikawaambia watu waniite kwa Nelima. Tunakula meza moja naye na hatuongei. Nelima amerudi kazini na kompyuta yake, shuka liko palepale. Ukitaka, nitakuletea mimi mwenyewe vyombo vyako. Naona aibu, ndugu yangu, na nimechoka nayo.

Wakoli


Kitale, 22 Agosti 2009

Kwa Baba Barasa,

Salamu nyingi. Mama Wangui amepata nafuu, anauliza mgongo wako.

Nilijua. Siku ile nilikuwa nimejificha chooni kwa jirani, nikamwona kijana wako akipita na amplifaya kichwani. Nimengoja mwaka mmoja na nusu uniambie. Barua yako ilipofika, nilikaa nayo wiki kumi nikiwa na hasira, na bado haijaisha yote.

Kurudi Myanga sirudi. Duka la hapa limeanza kushika, na sina tena nguvu za kuanza upya. Usilete vyombo. Vikae kwako, mviunge na huo mtandao wenu. Nelima akija tena likizo, awashe kompyuta yake tu. Nyaya za spika aziunge Barasa, kwa kuwa ndiye aliyezikata. Rumba ikianza kulia, anipigie yeye, aiweke simu karibu na spika, nisikilize wimbo mmoja mpaka mwisho. Baada ya hapo aseme alicho nacho moyoni. Sitakata simu.

Ndugu yako,
Baba Wangui